Jedwali la bei za hisa linaficha nusu ya habari

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jedwali la bei za hisa. Magazeti mengi huchapa jina la kampuni, bei ya juu na ya chini ya siku, bei ya kufungia na asilimia iliyopanda au kushuka, basi. Kwa mwenye hisa mia mbili tatu, asilimia hiyo yenye alama ya kutoa ndiyo inayomnyima usingizi, na ndiyo inayomfanya ampigie dalali simu auze kwa bei ya kutupa. Lakini bei hushuka kwa sababu zisizofanana, na jedwali halizitenganishi.

Chukua gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa wake. Hisa iliyofunga jana kwa 500, na ambayo leo inaanza kuuzwa bila gawio la 40, hutarajiwa kufungua karibu na 460. Hakuna aliyepoteza: ile 40 imetoka kwenye bei ikaenda kwa yule aliyekuwemo kwenye daftari la wanahisa, ukiacha kodi. Jedwali litaandika imeshuka asilimia 8. Hisa moja ikigawanywa kuwa mbili, litaandika asilimia 50, ingawa mwenye hisa sasa anazo mara mbili!

Hisa stahiki ndizo zinazowaumiza wengi. Kampuni inayotafuta mtaji huwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa punguzo, tuseme moja kwa kila nne walizonazo, kwa 600 wakati sokoni ni 1,000. Hisa nne za zamani ni 4,000. Ongeza 600, gawanya kwa tano, bei inayotarajiwa ni 920. Anayenunua stahiki yake hapotezi kitu kwa hesabu hiyo. Anayeiuza, pale inaporuhusiwa kuuzwa sokoni, hufidiwa. Anayeiacha fomu kabatini mpaka muda upite hupoteza 80 kwa kila hisa, na fungu lake katika kampuni hupungua. Kabla ya kutoa fedha, uliza mtaji unakwenda wapi. Kujenga kiwanda na kuzima deni la benki lililoiva ni mambo mawili tofauti kabisa.

Halafu kuna idadi ya hisa zilizouzwa. Penye wanunuzi wachache, mtu mmoja mwenye shida ya haraka akiuza hisa 300 anaweza kuiteremsha bei ya kampuni yenye hisa milioni mia. Anguko la asilimia 6 kwa hisa 300 halilingani na la asilimia 6 kwa hisa milioni mbili, ambako huenda mwekezaji mkubwa anaondoka.

Ikiwa hayo yote hayaelezi anguko, tazama soko zima. Riba za hatifungani za serikali, yaani hati za mikopo ambayo serikali huchukua kwa wawekezaji, zikipanda, fedha hukimbilia huko na hisa nyingi hushuka pamoja. Soko likiwa limetulia na kampuni moja tu ndiyo inayozama, hapo fungua hesabu zake, na usianzie kwenye faida. Anzia kwenye mtiririko wa fedha taslimu. Faida inapanda huku fedha zitokanazo na biashara zikipungua, na madeni ya wateja yakikua haraka kuliko mauzo? Basi bidhaa zinatoka kwa mkopo ambao huenda usilipwe. Angalia pia mikopo inayoiva ndani ya miezi 12, uilinganishe na taslimu iliyopo. Mwisho ripoti ya mkaguzi: hati safi, yaani maoni yake kwamba hesabu ziko sawa, peke yake haitoshi, kwa sababu ndani yake mkaguzi anaweza kuwa ameweka aya ya mashaka makubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli.

Wapo wanaoshauri uongeze hisa bei inaposhuka ili kuteremsha wastani. Aliyenunua 100 kwa 800, akaongeza 100 kwa 400, wastani wake ni 600. Bei bado inatakiwa ipande asilimia 50 ndipo arudishe fedha zake. Afanye hivyo baada ya kusoma hesabu, si kwa hasira.

Ombi langu, Mhariri, ni safu tatu: idadi ya hisa zilizouzwa, tarehe ya kufungwa kwa daftari la gawio, na alama inayoonyesha kuwa bei imerekebishwa kwa sababu ya gawio, mgawanyo wa hisa au hisa stahiki. Nafasi ipo. Hisa ikiuzwa mara moja tu kwa siku, bei ya juu na ya chini ni ileile, na bado mnaichapa mara mbili.

Mwanahisa mdogo