Hiyo Datsun usiikopee

Mombasa

Swahiba wangu,

Ama baada ya salamu, huku sote wazima, alhamdulillahi. Barua yako niliisoma gereji mchana, nikairudia usiku kwa utulivu. Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja: kama hiyo Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani la miaka ya sabini, uliyoiona huko Birmingham, Uingereza, ni gari la maana, na kama uchukue mkopo wa benki uinunue, uifungie miaka mitano, halafu uiuze kwa faida. La kwanza nitakujibu kwa furaha. La pili, nakusihi, achana nalo.

Mfano uko hapo hapo mjini kwako. Mwaka 1988, kwenye maonyesho ya magari ya Birmingham, kampuni ya Jaguar ilionyesha gari lake jipya, XJ220: injini ya V12, yaani silinda kumi na mbili, magurudumu yote manne yakivuta. Watu wenye pesa wakagombania kuweka amana ya pauni 50,000, na wengi hawakuwa na haja ya kuliendesha. Walitaka kuuza nafasi yao kwenye foleni. Ndio mwaka ambao Enzo Ferrari alifariki, mwezi wa Agosti, na Ferrari za zamani zikawa zinapanda bei mnada hadi mnada. Japani nako pesa zilikuwa zimefurika. Kisha riba ya Uingereza ikapanda hadi asilimia 15, soko la hisa la Tokyo likaanguka mwaka 1990, na wanunuzi wakatoweka. Jaguar ilipokuja kukabidhiwa mwaka 1992 ilikuwa na V6, yaani silinda sita, inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na bei imefika kama pauni 470,000. Kuna waliokwenda mahakamani ili wajitoe. Kuna waliolipa pesa ili tu wasilazimike kulichukua gari!

Na gari halikuwa bovu, swahiba. Lilikimbia zaidi ya kilomita 340 kwa saa, wakati ule hakuna la dukani lililolifikia. Bei ilianguka kwa sababu pesa za mkopo zilikauka, basi. Ndiyo maana kila ninapoulizwa habari ya bei, mimi hutazama riba kabla ya kutazama injini. Benki Kuu ya Uingereza iliposhusha riba hadi asilimia 0.5 mwaka 2009, pesa iliyolala benki haikuzaa kitu, ikakimbilia michoro, mvinyo na magari. Porsche 911 za injini ya kupozwa na hewa zikapanda mpaka mafundi waliozizoea wakashangaa. Mwaka 2023 riba hiyo ilifika asilimia 5.25, na magari ya zamani ya kawaida yakaanza kurudi nyumbani kutoka mnadani bila mnunuzi. Ya juu kabisa hayakutikisika: mwaka huo huo Ferrari 250 GTO moja iliuzwa New York dola milioni 51.7. Lakini zile zilitengenezwa 36 tu, na wanaozinunua hawaendi kukopa.

Baada ya riba, jambo la pili linalosukuma bei ni umri wa mnunuzi. Mtu hununua gari alilolitamani akiwa mtoto, akishafika miaka hamsini na mfuko umetuna. Sisi tuliokulia kwenye Safari Rally tunajua 240Z ni nini: ilishinda mwaka 1971, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, kwenye vumbi na matope. Huko Marekani ilikuwa ikiuzwa kama dola 3,500 tu ikiwa mpya. Januari 2020 moja ikauzwa dola 310,000, na tangu hapo kila mwenye mkweche uliooza anataja bei hiyo. Ile ilikuwa ya asili, imetembea kidogo, haijaguswa. Yako haifanani nayo. Na vijana wa leo wanaitamani Nissan Skyline, kwa hiyo usidhani atakuwepo wa kukupokea kwa bei yoyote utakayotaka.

Sasa gari lenyewe. Ukienda kulitazama, nenda na sumaku iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Pale isiponasa, chini ya rangi kuna pati ya kuzibia matundu, bati limekwisha. Inua betri uone sahani yake, maji ya asidi hula hapo na kushuka hadi kwenye reli ya chesisi. Inua mazulia ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Huko kwenu wanamwaga chumvi barabarani kila baridi kuyeyusha barafu, nayo huozesha bati, na bati la Datsun za miaka ile lilikuwa jembamba. Injini isikusumbue, ile ya silinda sita ni ngumu na inatengenezeka. Bodi ndiyo itakayokufilisi: fundi mzuri wa kuchomelea huko anahesabu saa, na saa ni nyingi.

Ikiwa bati ni zima, na pesa yako ya akiba inatosha bila kugusa ada za watoto, inunue, uiendeshe kila Jumapili isiyo na mvua. Ningefurahi kuliko wewe. Magari haya yakifungiwa ghalani kungoja bei, sili za mpira hukauka, breki hukamata, na kinachouzwa mwishoni ni kiwiliwili tu.

Nitumie picha za chini ya gari, zilizopigwa na wewe, si zile za muuzaji. Na mwambie asiliwashe kabla hujafika, nataka usikie linavyowaka likiwa baridi.

Nisalimie shemeji na vijana wote.

Wako swahiba,
wa gereji