Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: tembo amepimwa, shamba langu bado

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam sana. Najua una majukumu mengi, na heshima yako naitunza. Ndiyo maana nilianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, nikaenda kwa diwani, mpaka benchi la nje ya ofisi yako, ambako niliambiwa, "Mama, nenda nyumbani, utapigiwa." Simu naichaji kila jioni kwa jirani mwenye sola, nisije nikaambiwa sipatikani.

Tembo walipoingia mara ya kwanza, mahindi yalikuwa yameanza kukauka. Wakalaza upande wa chini wote, na mpunga wakaukanyaga ukazama topeni. Nikaelekezwa nisivune hata kilichosalia mpaka afisa wanyamapori aje akague, maana ukishavuna ushahidi umepotea na kifuta jasho, ile fedha ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, hupati. Nikatii. Ngedere wakajua hapa hakuna mwenyewe. Nguruwe nao. Na juzi usiku tembo wakarudi kumalizia.

Mume wangu alikuwa dunguni. Aligonga debe na kumulika tochi, dume likamgeukia limetanua masikio, halirudi nyuma wala halisogei. Akateremka taratibu, akajibanza nyuma ya kichuguu hadi alfajiri akiwasikia wanavunja mabua.

Asubuhi watu walikuja, Mheshimiwa, ila si wako. Ni watalii. Gari lao lilikuwa linaelekea hifadhini, wakaona nyayo zimekatisha barabara, wakasimama. Waliomba ruhusa kwa adabu, nikawakaribisha. Kijana anayewaongoza akatoa kamba, akaizungusha kwenye ukingo wa unyayo wa mguu wa mbele, akawaeleza kuwa mzunguko ule ukiuzidisha mara mbili unapata kimo cha tembo mpaka begani. Karibu mita tatu, akasema. Akaongeza kwamba tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 kwa siku. Wageni wakashangaa kweli. Mmoja akaweka kofia yake ndani ya unyayo apige picha, ikaingia yote na nafasi ikabaki. Kwenye gari wanakatazwa kuteremka mnyama akiwa karibu, wakanieleza hivyo, nami nikaitikia tu.

Basi unyayo umepimwa, tena kwa kamba ya viatu. Ekari zangu bado.

Nikukumbushe mkutano wa pale uwanja wa shule. Ulisema utalii unaifungua kusini, kwamba tangu sehemu ya Pori la Akiba la Selous ifanywe Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019 neema inakuja, na kabla ya mavuno tutakuwa na kituo cha askari wa wanyamapori na mabomu baridi, yale ya kishindo tu, ya kufukuzia tembo. Vigelegele nilianzisha mimi. Kilichofika ni kibao kinachoonyesha kituo kitakapojengwa, na tembo wamekwisha kujikunia mgongo hapo kikalala.

Sisemi wauawe. Miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000, na tunajua bunduki za majangili zilivyolia. Wakiongezeka ni heri. Lakini kwa nini waje huku? Wengine wanasema ni lile bwawa la umeme la mto Rufiji. Mimi naona ni mifugo iliyojaa kwenye mapito yao, na mashamba yetu pia yamesogea, sikatai. Wataalamu mnao, mtatuambia.

Na hicho kifuta jasho chenyewe si utajiri. Kwa Kanuni za kifuta jasho za 2011 ekari moja ilianzia shilingi 25,000, ukiwa mbali zaidi na mpaka wa hifadhi ikafika 100,000, mwisho ekari tano. Hailipi hata vibarua wa palizi. Ila ningeipata ningenunua unga, maana ghalani sina kitu, mchango wa chakula shuleni unadaiwa, na mtoto karudishwa nyumbani Jumatatu kwa ajili hiyo. Anakaa mlangoni na sare yake.

Kwa hiyo naomba afisa aje. Kituo nimesamehe, mabomu baridi nimesamehe. Aje apime. Kama gari halina mafuta, aje na bodaboda, nauli nitakopa kwa mwenye duka. Kama hana nafasi, atume hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kamba ninayo.

Na kama hilo nalo ni kubwa, Mheshimiwa, niandikie kipande cha karatasi chenye mhuri kisemacho "mama, vuna," nikaokote yaliyosalia kabla hawajarudi.

Wako mtiifu,
Mkulima wa bondeni, kando ya hifadhi,
Mkoa wa Lindi