Barua kwa Athman kuhusu fidla ya Mzee Shee

Langoni, Lamu

Ndugu yangu Athman,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama Swabra na watoto. Sisi hapa hatujambo; kusi imeanza kuvuma kwa nguvu, na mama anakusalimu sana. Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu ulipompa Omari ile flashi aniletee. Ujumbe wako ulikuwa na mambo mawili, albamu ya King Crimson, kile kikundi cha roki cha Uingereza, iitwayo USA, na pendekezo lako kwamba fidla ya Mzee Shee katika rekodi ya harusi ya Swaleh iondolewe na kijana wa Mombasa aipige upya studio, nami nimeona siwezi kukujibu la pili kabla sijamalizana na la kwanza.

Nimeisikiliza albamu hiyo karibu kila usiku baada ya isha. Uliandika kwamba inathibitisha kuwa rekodi ya jukwaani yaweza kutengenezwa studio isiharibike, maana mabingwa wenyewe wamefanya hivyo. Ni kweli wamefanya. Walirekodi jukwaani Asbury Park, Marekani, tarehe 28 Juni 1974, na wimbo wa mwisho wakauchukua katika onyesho la Providence siku mbili baadaye. Mwaka ule ule kikundi kikavunjika, na albamu ilipotoka mwaka 1975 fidla ya David Cross ilikuwa imeondolewa katika vipande viwili, na Eddie Jobson, ambaye hakuwa mmoja wao, amepiga yake studio mahali pale pale. Jina lake limeandikwa kwenye jalada, kwa hiyo hakuna msikilizaji aliyefichwa jambo.

Wala sisemi kwamba Jobson alipiga vibaya. Kile kipande cha kwanza kinakwenda kwa mapigo kumi yaliyogawanywa matatu, matatu, mawili, mawili. Gitaa la Robert Fripp linakata kama msumeno, Bill Bruford anaweka ngoma mahali ambapo sikio halikuzitarajia, na besi ya John Wetton ni nzito kiasi cha kuimeza fidla yoyote. Jobson anapita humo bila kujikwaa hata mara moja. Ila nilipokuwa nikisikiliza kwa mara ya tano au ya sita lilinijia jambo moja, na tangu hapo haliniachi: Jobson aliwasikia wale watatu, lakini wale watatu hawakumsikia yeye. Wetton alipoongeza nguvu alikuwa akimjibu Cross, na Bruford alipopunguza alikuwa akimpisha Cross. Yule waliyekuwa wakizungumza naye hayumo tena, na majibu yao yamebaki.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hawa hawa walikuwa na njia nyingine. Katika Starless and Bible Black, albamu yao ya mwanzo wa mwaka 1974, sehemu kubwa ilitoka jukwaani, pamoja na lile onyesho la Concertgebouw mjini Amsterdam la Novemba 1973. Waliondoa makofi ya watazamaji, wakaongeza vitu studio, na waliovipiga ni wao wenyewe wanne. Humo mna kipande kiitwacho Trio, ambacho Bruford hakugusa ngoma toka mwanzo hadi mwisho, akakaa na fimbo zake kifuani, na wenzake wakamwandika kuwa mtunzi pamoja nao kwa sababu ya kule kujizuia kwake. Athman, aliyenyamaza alihesabiwa, na aliyepiga akaja kufutwa! Nilipolifikiria hilo usiku nilikosa usingizi.

Sasa nije kwa Mzee Shee. Kosa la rekodi ya harusi ya Swaleh ni langu, si lake. Mimi ndimi niliyeiweka maikrofoni ya fidla karibu mno na dumbaki, na unyevu wa usiku ule ulilegeza nyuzi zake mara mbili katikati ya wimbo. Naelewa kwa nini wataka yule kijana wa Mombasa apige upya, na anapiga vizuri, sina neno naye. Lakini tafadhali usikilize tena wimbo wa tatu. Baada ya ubeti wa pili Mzee anavuta uzi mmoja mrefu kupita kawaida, udi unasita kumngojea, Maalim Bakari anasikika akicheka kwa furaha, na akina mama wa upande wa pili wa ua wanapiga vigelegele. Tukiiondoa fidla ile, vigelegele vile vitakuwa vya nani? Kijana wa Mombasa anaweza kuuvuta uzi ule ule kwa urefu ule ule, lakini udi haukusita kwa ajili yake.

Kwa upande wa kibwagizo cha wimbo wa kwanza, kilichopotea umeme ulipokatika, sina pingamizi. Waimbaji ni wale wale, na wote wako hapa mjini. Tuwakusanye waimbe tena, kisha tuseme wazi kwamba tumerekodi upya. Unajua vidole vya Mzee sasa vinatetemeka, na fidla ameitundika ukutani tangu Ramadhani. Hiyo ndiyo rekodi pekee tuliyo nayo ambayo yeye mwenyewe yumo, na kila tukikutana barazani ananiuliza iko wapi.

Je, waweza kuipandisha fidla yake japo kidogo katika kile chombo chako, hata kama dumbaki nalo litapanda pamoja nayo? Ile tepu ya kwanza unayo bado, au umekwisha kurekodi juu yake? Umemwambia lolote yule kijana, na kama umemwahidi malipo, ni kiasi gani, ili nichangie nusu asione tumemchezea? Je, waona inafaa nimwulize Mzee mwenyewe, au swali lenyewe litamwumiza? Na utakuja lini Lamu, tukae naye, tumsikilizishe rekodi yote bila kukata kitu?

Omari anarudi Malindi Ijumaa. Nitampa flashi yako pamoja na barua hii.

Wako nduguyo,
Twalib