Upendeleo wa zabuni za barabara umo ndani ya BOQ

Mhariri,

Kila unapozuka ubishi kwamba zabuni za barabara za mitaa ya Dar es Salaam hazitolewi kwa haki, watu huinyooshea kidole kamati ya tathmini. Lakini upande huo umeshabanwa kiasi. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS. Bahasha za kupeleka mkononi zimekwisha na bei hufunguliwa kwa pamoja. Sisi wakadiriaji majenzi tunaona mlango mpana zaidi uko kwenye jedwali la vipimo na bei, yaani BOQ. Mlango huo kompyuta haiuoni, maana hesabu zote zinajumlika sawasawa.

Tuchukue mfano, namba zikiwa za kuelezea tu. Barabara ina urefu wa kilomita 3, upana wa mita 7 na tabaka la lami la sentimita 5. Hizo ni mita za ujazo 1,050 za lami. BOQ inaonyesha pia mita za ujazo 2,000 za udongo mbovu wa kuondolewa na kujaziwa kifusi cha daraja la ubora la G15. Mzabuni wa kwanza anaandika Sh30,000 kwa kila mita ya ujazo ya udongo na Sh900,000 kwa lami. Jumla Sh1,005 milioni. Wa pili anaandika Sh70,000 kwa udongo na Sh800,000 kwa lami. Jumla Sh980 milioni. Wa pili ameshinda kwa Sh25 milioni na hakuna wa kumkatalia. Kazi ikianza, udongo mbovu unafika mita za ujazo 6,000. Mshindi analipwa Sh1,260 milioni kwa vipengele hivyo viwili, wakati yule aliyeshindwa angelipwa Sh1,125 milioni. Jiji limepata mkandarasi wa bei nafuu kwa hasara ya Sh135 milioni.

Swali ni moja: alijuaje kwamba 2,000 itakuwa 6,000? Huenda alishawahi kuchimba mtaro jirani, na hilo ni halali yake. Huenda pia alinong'onezwa na aliyesanifu barabara. Njia zote mbili zinazibwa kwa dawa moja, nayo ni kupima udongo vizuri na kuwapa wazabuni wote majibu yaleyale. Mara nyingi vipimo hukosewa kwa sababu mashimo ya majaribio ni machache na yamechimbwa kiangazi. Bonde la Msimbazi na maeneo ya chini kama Jangwani na Kigogo huwezi kuyapima kiangazi ukadhani umeyajua. Masika yakiingia, maji ya ardhini hupanda na mfinyanzi uliokuwa mkavu unageuka tope. Kwa barabara za mjini tungependa kuona shimo kila mita 200, kina kisichopungua mita 1.5, kipimo cha DCP (chuma kinachopigiliwa ardhini kupima uimara wa udongo) katikati ya mashimo, na ripoti nzima ikiambatanishwa kwenye nyaraka za zabuni. Mabomba ya DAWASA na nguzo za TANESCO nazo zipimwe na kuorodheshwa. Zikitupwa kwenye fungu la fedha za tahadhari, hakuna anayeweza kuzishindania.

Wakati wa tathmini, kulinganisha jumla peke yake hakutoshi. Kamati ichukue kila bei ya kipimo, yaani bei ya kizio kimoja kama mita ya ujazo, iweke kando ya makadirio ya mhandisi. Kisha iongeze kiasi cha vipengele vyenye mashaka (uchimbaji, kifusi, mitaro) kwa nusu, halafu ijumlishe upya. Kama mshindi anabadilika, tatizo liko kwenye BOQ, na vipimo virudiwe kabla ya tuzo. Kazi hiyo ni ya saa chache kwa mwenye jedwali la kompyuta. Nyaraka sanifu zenye asili ya Benki ya Dunia zinaruhusu kumdai mzabuni mwenye bei zilizopinda, kubwa mno hapa na ndogo mno pale, mchanganuo wa vibarua, mitambo na mafuta, na hata kuongeza dhamana ya utendaji kazi. Mikataba yake ya kazi ndogo ina kifungu kingine: kiasi cha mwisho kikipishana na cha awali kwa zaidi ya asilimia 25, na badiliko likazidi asilimia 1 ya bei ya mkataba, bei ya kipimo inarekebishwa. Katika mfano wetu ongezeko ni asilimia 200. Mhandisi msimamizi akikaa kimya hapo, aulizwe.

Vigezo vya sifa navyo vina vichaka vyake. Ukidai mzabuni amiliki mtambo wa lami, huku mkataba wa kukodi ungetosha, umeshachagua kampuni mbili tatu. Ukifunga mitaa kumi kwenye zabuni moja, makandarasi wa madaraja ya chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) wamekwisha kabla hawajafungua mfumo. Na malipo yakichelewa miezi, anayebaki kwenye ushindani ni mwenye mtaji wa kusubiri, awe fundi mzuri au la.

Tunaiomba TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini unaosimamia barabara hizi tangu 2017, ichapishe kwa kila mkataba uliokamilika jedwali la safu tatu: kiasi cha awali, bei ya kipimo, na kiasi kilicholipwa. Ikianza na vipengele vya udongo, kifusi na mitaro vya miaka mitatu iliyopita, yeyote mwenye kikokotoo ataweza kuona ni nani hubahatika kila mara kuweka bei kubwa penye kipengele kinachokuja kuongezeka.

Wakadiriaji majenzi,
Dar es Salaam