Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu, na wageni mliotuheshimu kwa kufika,

Kwa niaba ya kamati naleta taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wafuatiliaji wa konokono wa nchi kavu hapa Tanga. Kazi za kawaida mnazijua. Tumeokota magamba matupu mashambani, masika na vuli. Tumekwenda Amboni mara mbili. Tumetembelea shule tatu na kusema lile lile: mtoto akishika konokono anawe mikono kwa sabuni, maana yule konokono mkubwa wa pwani yetu anaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo ikimwingia binadamu hukimbilia ubongo. Kamati imekaa mara sita. Yatosha.

Mahudhurio yanatia aibu. Daftarini tuko 47. Safari ya pili ya Amboni tulikuwa watano, na mmoja wetu ni dereva. Kule mawe ni ya chokaa, konokono hakosi cha kujengea gamba, mtu anaokota bila kuhangaika. Siku rahisi kuliko zote ndiyo mliyoikimbia! Basi ile ya kuchekecha majani makavu milimani, ambako udongo una uchachu na magamba ni membamba kama ganda la kitunguu, sikushangaa kubaki na katibu peke yake.

Fedha. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 19, yaani 380,000. Salio la mwaka jana 410,000, michango ya hiari 145,000, jumla 935,000. Matumizi: hadubini 620,000, usafiri 180,000, chekeche, spiriti na vichupa 60,000, chai ya vikao 45,000. Zimebaki 30,000. Wasiolipa 28 wanajijua, na baadhi yao ndio wenye sauti kubwa kuhusu hiyo hadubini.

Sasa niiseme. Kwenye kundi letu la WhatsApp imeandikwa kwamba “mwenyekiti kala fulana zetu”. Ni kweli fedha ya fulana ilikuwa imetengwa, ikaenda kwenye hadubini. Ni kweli pia nilisaini mimi na mweka hazina bila mkutano mkuu. Lakini muuzaji alitupa siku mbili. Niliitisha mkutano wa dharura, wakaja tisa, na akidi ni 16. Anayelalamika hakushirikishwa, siku ile alikuwa wapi? Hadubini niliipakata mwenyewe kwenye basi kutoka Dar, nauli mfukoni mwangu, na sijaidai hadi leo.

Kwa nini hadubini? Mnakumbuka kile kiberiti alichotuletea mama mmoja wa Muheza, kimejaa magamba meupe yasiyofika milimita nne. Daftarini tuliandika “watoto wa konokono”. Mkono ulioandika ni huu wangu, mwalimu wa baiolojia kwa miaka 31. Jioni ya kwanza nililiweka moja chini ya lenzi. Kingo za mdomo wa gamba zimenenepa, na ndani yake yamechomoza meno, moja juu, mengine pembeni. Mtoto hana kingo nene, gamba lake bado linakua. Hawa ni watu wazima, tena wa jenasi ya Gulella, wawindaji wanaokula konokono wenzao. Meno yale hayatafuni kitu. Kazi ya kula ni ya radula, ule utepe wa mdomoni unaokwaruza kama tupa. Ila idadi ya meno ya gamba na yalivyokaa ndivyo vinavyotutenganishia spishi na spishi. Kwa hiyo mistari mingi ya daftari letu la miaka mitatu ni makosa, na kwa macho matupu tungeendelea kukosea tukiwa na fulana safi.

Tena si jambo dogo kujua nani anamla nani. Konokono mkubwa wa pwani yetu alipoivamia Hawaii, walipelekwa kule miaka ya 1950, ili wamle, konokono wawindaji wa jenasi ya Gonaxis wenye asili ya Kenya, kisha Euglandina kutoka Marekani. Huyo wa mwisho akawageukia konokono wa miti wa kule kule, wasio na hatia. Na marehemu Bernard Verdcourt, mtu wa mimea aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kabla ya Nairobi na bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, aliwaandika konokono wetu kwa miaka mingi. Sijasikia kwamba alidai sare.

Hadubini inakaa kwangu kwa sababu chama hakina ofisi. Iko kabatini, na kifuko cha mchele cha kunyonya unyevu, maana joto la Tanga huotesha ukungu kwenye lenzi. Mchele pia ni wangu.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kulisahihisha daftari, kupata wafadhili, na huenda kufika Usambara Magharibi. Fulana zitaangaliwa hali ikiruhusu.

Baada ya chai hadubini itakuwa meza ya nyuma, na kile kiberiti. Waliolipa ada wataanza. Naomba lenzi isiguswe kwa vidole.

Mwenyekiti