Na mabaharia wa Kilindini je?

Mhariri, salamu kwako na wenzako. Nimesoma makala yenu ya wazee wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) waliopigana Burma nikafurahi kweli, lakini mbona wale wa majini hamkuwagusa hata kidogo? Babangu wakati wa vita vya pili alikua Kilindini, bandari yetu hapa Mombasa, kikosi cha majini cha Kenya, kazi yake kutia makaa kwenye tanuru la meli ndogo za kusafisha mabomu ya baharini. Alikua akituambia vile 1942 Wajapani walipopiga Colombo na Trincomalee, bandari za Ceylon (Sri Lanka ya leo), Waingereza wakaleta manowari zao hapa kwetu, bandari ikajaa, mpaka shule ya Allidina ikachukuliwa wakakaa wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani.

Zaidi ya hayo mzee hakua msemaji. Alikua na sanduku la mbao chini ya kitanda, ndani kofia, filimbi na kamba nyeupe, kamba hiyo ndio alitufundishia mafundo na hadi leo ya kuanikia nguo naifunga vile vile. Mikono ilikua na makovu ya moto, sisi watoto tukiyahesabu akilala mchana.

Lakini alikua hampungii mtu mkono. Siku naenda kazi Nairobi, pale stendi wazee wa wenzangu wote wanapunga, yeye akanishika bega akageuka akaenda zake, basi halijaondoka hata. Iliniuma miaka. Alipokufa ndio mama akanieleza. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Ceylon na wanajeshi, rafiki yake waliocheza pamoja utotoni alikuemo, kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na babangu alisimama gatini akampungia mpaka meli ikapotea. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache tu, watu zaidi ya 1,200 wakafa, mamia ni vijana wetu hawa. Yule rafiki hakurudi.

Sasa Mhariri naomba mtoe nafasi watoto wa mabaharia tutume majina na picha, maana hata sisi tuliosimuliwa tumeshazeeka. Sanduku ninalo, filimbi bado inalia. Mwandishi wenu akitaka kuiona aje tu, mimi nipo.

Mtoto wa baharia,
Likoni, Mombasa