Tusizilaumu gia za umeme kwa sikio lililopinda

Mhariri,

Kila zinapotajwa gia za umeme (zinazobadilishwa na mota badala ya kebo) kwa baiskeli za safari ndefu, wapinzani wana hoja moja: betri ikiisha njiani, kazi imekwisha. Betri ndiyo tatizo jepesi kuliko yote, maana hutoa taarifa mapema. Kwenye SRAM eTap, mfumo usio na waya, taa ya kijani ina maana zimebaki saa 15 hadi 60 za kuendesha. Nyekundu, saa 5 hadi 15. Nyekundu inayomweka, chini ya 5. Betri ya mbele na ya nyuma ni za aina moja. Ya nyuma ikifa, chomoa ya mbele uihamishie nyuma, uendelee bila kubadili gia za mbele. Di2, mfumo wa kampuni ya Shimano, huzima gia za mbele kwanza, za nyuma baadaye. Za mbele zikigoma, weka nyuma gia ya katikati upesi, kabla mnyororo haujabaki palipo pagumu.

Kinachosahaulika ni betri za kidonge ndani ya swichi za usukani: CR2032 kwa SRAM, CR1632 kwa Di2 ya gia 12. Swichi ya upande mmoja ikikaa kimya na ya pili inafanya kazi, anzia hapo.

Lakini mkosaji mkubwa hana hata waya. Ni sikio, kile kipande laini cha alumini kinachounganisha kibadilishi gia cha nyuma na fremu. Mota husogea umbali ule ule ilioagizwa. Haijui kwamba baiskeli iliangukia upande wa kulia na sikio limepinda. Nafasi kati ya gia na gia kwenye kaseti (rundo la gia za nyuma) ya gia 12 haifiki milimita 4, hivyo kupinda kidogo tu kunatosha mnyororo uanze kukwaruza. Hapo watu hukimbilia kurekebisha kwa vitufe. Gia ndogo zinatulia, kubwa zinapiga kelele. Wanageuza, sasa kubwa zimetulia na ndogo zinaruka. Dalili hiyo ni ya sikio. Linyooshwe kwa kipimo chake au libadilishwe, na kwa kuwa fremu nyingi zina lake, la akiba libebwe kutoka nyumbani. Likipinda kwa ndani usijaribu gia kubwa kabisa: kibadilishi kitaingia kwenye spoku.

Di2 ya waya ikigoma baada ya kuanguka, huenda imejikinga yenyewe. Kagua sikio kwanza, kisha bonyeza kitufe cha kisanduku cha kuunganishia waya sekunde 5 au zaidi mpaka taa nyekundu iwake, achia, zungusha pedali na ubadilishe gia. Bado kimya? Sukuma plagi za waya kwa kifaa chake cha plastiki mpaka ilie “ta”. Kidole mara nyingi hakifikishi. Waya wa akiba uwe wa mfumo wako, kwani plagi za aina ya SD50 na za aina ya SD300 haziingiliani.

Mota ikifa kweli, haitengenezwi kando ya barabara. Hapo wapinzani wana haki.

Na baiskeli yenye SRAM ikipakiwa kwenye gari, chomoeni betri. Mtikisiko huiamsha njia nzima, halafu lawama inaangukia betri mbovu.

Fundi wa baiskeli